Kigali na Dar: Usafi Unatoka Wapi?

SWALI: Mhariri, Rwanda na Tanzania zote zimepiga marufuku mifuko ya plastiki. Mbona Kigali inang'aa kuliko Dar es Salaam?

JIBU: Rwanda ilianza 2008, Tanzania 2019, ila mfuko ni sehemu ndogo tu. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Wanyarwanda hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii: kufyeka, kufagia, kuzibua mitaro. Tena Kigali ni vilima, maji hayatuami kwa urahisi. Dar ni tambarare. Chupa na tope vikiziba kalavati, masika maji hujaa barabarani. Mitaro izibuliwe kabla ya Machi, na tope lizolewe siku hiyohiyo. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni. Kwa mandhari? Upepo wa bahari pale Kivukoni jioni, Kigali hauupati.