Maswali yenu kuhusu njia za mizigo na ardhi ya pembeni yake

Maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanagusa jambo moja, kwamba barabara kuu na reli za mizigo zinapangwa na watu wengine, ardhi ya pembeni inagawiwa na watu wengine, na hao watu wanakutana mambo yakishaharibika. Najibu moja moja, mengine kwa urefu mengine kwa kifupi.

Habari, naomba kujua hii kitu wanaita ukanda wa mizigo ni nini hasa, si ni barabara kuu tu wameipa jina kubwa?

Nzuri. Barabara ni kipande tu. Ukanda ni safari nzima ya mzigo, kuanzia gatini meli inaposhusha, reli, barabara, mizani, bandari kavu (kituo cha bara kinachopokea na kutoa makontena kama bandari), forodha ya mpakani, maghala ya wenye mali, mpaka pale dereva anapolala. Na uwezo wake haupimwi pale palipo pana, unapimwa pale palipobana kuliko pote. Unaweza kuwa na barabara ya njia nne kwa kilomita mia mbili halafu katikati kuna mji una makutano mamoja ya sokoni ambapo malori yanakwama saa nzima, basi ukanda wako wote una uwezo wa hayo makutano. Na aliyeyabana hayo makutano mara nyingi sio injinia wa barabara, ni aliyetoa viwanja.

Mimi ni ofisa mipango miji kwenye halmashauri ndogo, barabara kuu ya malori inakatiza mjini. Madiwani wanataka tupime viwanja vya biashara kandokando ya barabara tuongeze mapato. Nikisita naambiwa napinga maendeleo. Nifanyeje?

Ndugu yangu pole, hili ndo swali kubwa kuliko yote na halina jibu la sentensi mbili.

Kwanza uelewe hakuna mtu anayeamka asubuhi akaamua kuiua njia ya mizigo. Inakufa kwa vibali vidogo vidogo, kila kimoja kina maana yake kikiangaliwa peke yake. Leo kituo cha mafuta chenye mlango wake barabarani, kesho gereji nayo na mlango wake, baadaye soko, stendi, nyumba za kupanga nyuma ya soko. Sasa watu wanavuka barabara mara kumi kwa siku, mtoto anagongwa, wananchi wanakasirika na wana haki kabisa, yanawekwa matuta. Lori lenye tani hamsini linasimama kwenye kila tuta halafu linaanza kujivuta upya kwa gia ya chini, moshi wote unabaki kwa wenye vibanda. Foleni ikizidi mnaomba barabara ya mchepuko, inajengwa kwa hela nyingi, na kabla lami haijapoa halmashauri ileile imeshapima viwanja kandokando ya mchepuko. Baada ya miaka kumi mnaomba mchepuko wa mchepuko.

Kwahiyo usiende kwa madiwani na neno hapana, nenda na ramani yenye mpango mbadala. Biashara ziwepo ila zisifungue milango barabara kuu. Chora barabara ya pembeni inayokwenda sambamba na barabara kuu, viwanja vyote viangalie huko, halafu uchague makutano machache, yenye umbali wa kutosha kati yake, ndo magari yaingie na kutoka hapo. Na hayo makutano yapimwe kwa lori, sio kwa gari dogo. Kanuni za Ulaya zinataka gari la mizigo liweze kuzunguka ndani ya duara lenye nusukipenyo cha mita 12.5 kwa nje na mita 5.3 kwa ndani, toa hizo mbili unapata mita 7.2, yaani hilo lori likiwa linapinda linafagia upana wa njia mbili za barabara. Sasa nenda kasimame kwenye kona ya mtaa wowote uliopimwa bila kufikiria hilo uangalie ukingo wa kona, utakuta umevunjika, mtaro umefunikwa na udongo na nguzo ya umeme imeinama. Tairi za nyuma za trela zinapita ndani zaidi ya zile za mbele, hazifuati alama ya kichwa, na mtembea kwa miguu aliyesimama pale hajui.

Jambo la mwisho kwako, mapato. Waambie madiwani kwamba eneo moja la maghala na viwanda vidogo lenye lango moja zuri linaweza kulipa kodi miaka na miaka, vibanda kwenye hifadhi ya barabara vitakuja kubomolewa na mtaanza kulaumiana. Hiyo hoja ya hela wanaisikia kuliko hoja ya foleni. Ila lazima mpango upitishwe KABLA kiwanja cha kwanza hakijatolewa, ukishatoa viwili vitatu wengine wote watadai haki sawa na hutakuwa na la kuwajibu.

Kuna mwekezaji anataka kujenga bandari kavu kwetu, tunalo eneo la mraba zuri tu karibu na stesheni, heka ni nyingi. Je linafaa?

Heka sio kipimo cha kwanza, kipimo cha kwanza ni urefu. Kwenye mtandao mkuu wa reli za Ulaya kanuni inataka njia za mizigo ziweze kupitisha treni ya mita 740. Treni ya namna hiyo ikiingia yadi inataka reli iliyonyooka, kwenye ardhi tambarare, ndefu kuliko treni yenyewe maana kichwa kinahitaji nafasi ya kujitoa na kuzunguka. Eneo la mraba kubwa sana linaweza lisitoshe na kipande chembamba kirefu kikatosha kabisa. Usipokuwa na urefu huo treni inakatwa vipande viwili vitatu, mabehewa yanasukumwa mbele na nyuma, na wakati huo kivuko cha barabara pale stesheni kimefungwa na mji mzima unasubiri.

Ardhi ya namna hii, ndefu, tambarare, imepakana na reli na haiko mbali na barabara kuu, ni adimu mno kwenye mkoa wowote. Ndo maana naomba itambuliwe mapema na kuwekwa alama kwenye mpango wa matumizi ya ardhi hata kama mwekezaji hajatokea. Ikishajengwa nyumba hairudi.

Ujerumani tangu miaka ya 1980 wamekuwa na vijiji vya mizigo, Bremen ndo walianza, ambapo reli, malori, maghala na huduma zao vinawekwa sehemu moja badala ya kila kampuni kutafuta kakiwanja kake mjini. Waulize wenzako kama mnataka bandari kavu peke yake au mnataka eneo lote linaloizunguka lipangwe pamoja. Mkipanga bandari kavu peke yake, maghala na paking za malori vitakuja vyenyewe na vitakaa vinapotaka.

Tangu wafungue ghala jirani barabara yetu ya mtaa imekwisha, na wanasema malori ni machache tu kwa siku. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 ndo yalitoa kanuni ambayo mainjinia wanaitumia mpaka leo kukadiria, kwamba uharibifu unapanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu). Ekseli yenye uzito mara mbili inaharibu kama mara 16. Kwahiyo magari madogo elfu yanaweza kupita bila kuacha alama na malori machache yakaimaliza barabara. Kosa lilikuwa kuruhusu ghala kwenye barabara iliyojengwa kwa ajili ya nyumba. Kibali cha ghala kilitakiwa kije na sharti la kuimarisha barabara mpaka inapokutana na barabara kuu, na gharama abebe mwenye ghala.

Dada/kaka naomba ushauri, wanataka kujenga maghala makubwa nyuma ya shule ya watoto wetu. Wanasema ajira zitakuja. Tupinge?

Msipinge kwa haraka na msikubali kwa haraka. Ila wasiwasi wenu ni wa kweli. Mwaka 2012 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliweka moshi wa injini za diseli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, sio "huenda vinasababisha". Kuhusu kelele, mwongozo wa WHO wa 2018 kwa nchi za Ulaya unashauri kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45, na yadi ya malori inayofanya kazi saa 24 kuwa chini ya hapo ni kazi ngumu.

Angalieni kilichotokea California, kaunti za Riverside na San Bernardino, bara kidogo kutoka bandari za Los Angeles na Long Beach. Maghala yalijaa mpaka kwenye kuta za nyumba na shule, kila mji ukitoa vibali vyake bila kuangalia jirani. Ilibidi mwaka 2024 jimbo lipitishe sheria inayotaka milango ya kupakia iwekwe upande wa mbali na nyumba na shule inapowezekana, na miji ionyeshe kwenye mipango yake njia gani malori yapite. Sheria imekuja wakati maghala mengi yameshasimama.

Kwahiyo kwenye mkutano msiulize umbali peke yake, ulizeni LANGO liko wapi, maana ghala laweza kuwa mbali na shule ila lango likatokea barabara ya shule. Ulizeni malori yatasubiri wapi kabla ya kuingia, injini zitazimwa au zitanguruma, saa ngapi hadi saa ngapi, na nani atasimamia. Majibu yote yaandikwe kama masharti ya kibali, ahadi ya mdomo mkutanoni haitawasaidia.

Na niseme upande wa pili pia maana haki ni kwa wote. Kuna sehemu yadi ilikuwepo miaka arobaini, mji ukaja kupima viwanja vya makazi ukutani kwake, wakazi wapya wakaanza kudai yadi ifungwe usiku. Hapo namlaumu aliyeruhusu makazi. Yadi ikihamishwa, mzigo hautoweki, unakwenda mbali zaidi na malori yanatembea kilomita nyingi zaidi kuuleta mjini.

Shamba langu limechorwa mstari wa reli ya mizigo. Nimezuiwa kujenga, fidia sijapewa, mradi haujulikani utaanza lini. Hii ni haki?

Hapana sio haki kama ndivyo ilivyo, na hili linaniuma kwa kweli. Kuhifadhi njia mapema ni jambo zuri, bila hivyo gharama ya kubomoa inaua mradi. London walianza kulinda njia ya reli ya Crossrail mwaka 1991 na ikafunguliwa 2022, miaka 31 baadaye, reli ya abiria ile ila somo ni lilelile. Lakini Uingereza sheria ya mipango inampa mwenye nyumba iliyokwama kwa sababu ya mradi haki ya kuitaka mamlaka iinunue akitimiza masharti. Hicho ndo kinakosekana sehemu nyingi, mtu anabebeshwa mzigo wa mpango wa taifa peke yake.

Wewe omba kwa maandishi mambo matatu: sheria gani imetumika kukuzuia, zuio linaisha lini, na nini unaruhusiwa kufanya kwa sasa, maana mara nyingi mazao ya msimu hayakatazwi ila watu wanaogopa hata kulima. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na mpelekee mwanasheria kabla hujasaini fomu yoyote ya uthamini.

Mimi mwanafunzi, nauliza kama ukanda unapita mikoa au nchi tofauti nani anapanga?

Kwa kawaida hakuna, na hapo ndo shida ilipo. Uholanzi walijenga reli ya mizigo tupu ya Betuwe, karibu kilomita 160 toka bandari ya Rotterdam mpaka mpaka wa Ujerumani, ikafunguliwa 2007. Makubaliano na Ujerumani yalisainiwa 1992, lakini upande wa Ujerumani njia ya tatu ya reli toka mpakani hadi Oberhausen ilichelewa mno, zaidi ya miaka 15 baada ya Waholanzi kumaliza bado ujenzi ulikuwa unaendelea. Upande mmoja ukiwahi peke yake hela inalala.

Los Angeles na Long Beach walifanya vingine, bandari zao ni washindani ila miji hiyo miwili iliunda mamlaka moja ya pamoja, wakajenga reli ya mizigo ya Alameda Corridor, kilomita 32, kilomita 16 kati ya hizo treni inapita kwenye mtaro uliochimbwa chini ya usawa wa barabara. Ilifunguliwa 2002 na kuondoa vivuko kama 200 vya reli na barabara. Haikuwa rahisi, miji midogo ya katikati iligombana na mamlaka mpaka mahakamani kwasababu ujenzi ulikuwa kwao na faida waliiona ni ya bandari. Ukiandika utafiti wako usiwasahau hao wa katikati.

Angalia na Kenya. Mwaka 2019 ilivyoagizwa makontena yaende bara kwa SGR, reli mpya ya kisasa, Mombasa watu waliandamana, kwa sababu maghala, yadi na kazi za malori vilikuwa vimejengwa juu ya utaratibu wa zamani. Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha utoaji wa mizigo bandarini Mombasa. Agizo la usafiri lilikuwa pia agizo la ardhi na ajira za miji mizima, na lilitakiwa kupangwa hivyo.

Mimi dereva wa semi. Mnapanga kila kitu, sisi tunalala wapi?

Uko sahihi kaka, na hesabu yake sio ngumu. Ulaya dereva lazima apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, kwahiyo mpangaji akijua malori mangapi yanapita na yametoka wapi anaweza kukadiria yatachoka eneo gani. Marekani ilibidi dereva auawe mwaka 2009 akiwa amepaki kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa, ndipo 2012 ikapitishwa Jason's Law, sheria yenye jina la dereva huyo, kushughulikia uhaba wa paking za malori. Paking yenye taa, choo, maji na mlinzi inatakiwa iwe kwenye ramani ya matumizi ya ardhi kama shule ilivyo, tena nje ya mji, upande ule malori yanakotokea. Mikutano ya mipango ya wilaya mara nyingi iko wazi kwa umma, nyie madereva na vyama vyenu nendeni na orodha ya sehemu mnazolala sasa hivi, kilomita kwa kilomita, maana ofisini hakuna mwenye hiyo data.