Maswali na majibu: Kutu, mtutu uliochakaa na kitako kinachocheza

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Lee-Enfield ya .303, bunduki ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) ambayo bado ipo katika maghala. Kabla ya kugusa chochote, toa magazini, vuta bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), kisha kagua chemba (mahali risasi inapokaa) kwa macho na kwa kidole.

Mimi ni mlinzi hapa Jinja. Tulipotoka kulenga shabaha nilipaka mafuta mengi mtutuni, lakini asubuhi nikakuta kutu nyekundu. Je, mafuta ni mabovu?

Mafuta hayana kosa, ndugu. Risasi nyingi za zamani za .303 zina fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) yenye klorati ya potasiamu. Fataki ikilipuka, mtutuni hubaki kloridi ya potasiamu, chumvi inayonyonya unyevu wa hewa; na kando ya ziwa unyevu haukosekani. Chumvi hiyo haiyeyuki katika mafuta, kwa hiyo ukipaka mafuta unaifunika tu na kutu inaendelea chini yake.

Dawa yake ni maji, siku ileile ya kufyatua. Ondoa bolti, elekeza mdomo wa mtutu chini ndani ya ndoo, kisha mimina takriban lita moja ya maji yanayochemka kupitia chemba kwa faneli yenye shingo ndefu. Maji yasiingie kati ya chuma na mbao, maana yakijificha humo utaotesha kutu usiyoiona. Chuma kikishapata moto hujikausha upesi. Pitisha vitambaa vikavu hadi kimoja kitoke bila unyevu, halafu kimoja chenye mafuta kidogo. Uso wa bolti nao ufutwe kwa kitambaa cha maji ya moto, ukaushwe, upakwe mafuta, kwani gesi ya fataki hufika hapo pia. Kagua tena baada ya siku tatu. Kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia, rudia yote.

Nitajuaje mtutu umekwisha? Wangu ni mweusi ndani. (Gulu)

Weusi peke yake si hukumu. Mitutu mingi yenye vishimo vya kutu bado inapiga vizuri. Kinachoiharibia shabaha zaidi ni mdomo uliolika. Chukua risasi ya mazoezi isiyo na baruti wala fataki, ingiza ncha yake mdomoni mwa mtutu. Ikizama mpaka ganda liguse chuma, mdomo umelika. Mdomo mzima huizuia mapema, na sehemu ya risasi hubaki nje.

Mara nyingi mlaji ni kamba ya kusafishia. Ikivutwa kwa pembeni, ikiwa na mchanga wa Karamoja au vumbi la barabara, hukata chuma upande mmoja na tundu huwa kama yai. Vuta kamba sawasawa na mtutu, na uifue mara kwa mara. Fimbo ni bora, mradi iingie kwa upande wa chemba.

Bolti ya bunduki moja imevunjika. Naweza kuchukua ya nyingine ghalani? (Mbarara)

Hapana, afande, hata kama inaingia bila shida. Namba ya bolti ilingane na ya bunduki, kwa sababu vishikio vyake vilisuguliwa vikae sawa katika bunduki ileile. Nafasi kati ya kichwa cha bolti na mtutu hupimwa kwa geji (vipande vya chuma vya kupimia): bolti ifunge juu ya ile ya inchi 0.064 (milimita 1.63), na isifunge juu ya ile ya 0.074 (milimita 1.88). Nafasi ikizidi, ganda hukatika karibu na kitako chake na gesi inaweza kurudi usoni mwa mfyatuaji. Ukiona mstari unaong'aa kuzunguka ganda lililotumika, sitisha matumizi ya bunduki hiyo.

No. 4, aina ya baadaye ya Lee-Enfield, ina vichwa vya bolti vya namba 0 hadi 3, kila namba ikiwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Lakini vipimo vya namba jirani huweza kupishana, kwa hiyo amini geji kuliko namba.

Kitako cha SMLE (Lee-Enfield ya aina ya zamani) kinacheza. Nikaze skrubu?

Usianze na kitako. Ondoa kwanza mbao ya mbele. Ncha ya mraba ya skrubu ndefu ya kitako hushikwa na kibati kilichomo katika mbao hiyo. Ukizungusha skrubu kabla ya kutoa mbao hiyo, utaipasua mbao. Hasara hii tunaiona mara nyingi mno, na inaumiza, kwa sababu mbao nzima za zamani zimeadimika.

Mbao ikiwa kavu, sugua mafuta ya kitani mabichi kwa kiganja, kiasi cha kijiko kimoja. Acha yanyonywe, kisha futa yanayobaki. Usipake vanishi. Vitambaa vyenye mafuta hayo uvitandaze nje vikauke au uviloweke, maana vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Je, nihifadhi bunduki katika mfuko wa ngozi?

Mfuko wa ngozi ni wa safari tu. Ngozi hushika unyevu na dawa za kuitengenezea hula chuma. Bunduki isimamishe kwenye rafu penye hewa, mdomo ukitazama chini, mafuta yasishukie mbao za kitako.

Baba amefariki, ameacha .303 darini.

Pole sana, mwanangu. Usiisafishe wala kuihamisha mwenyewe. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu utoe taarifa, wao waje kuichukua. Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 inataka mwenye bunduki awe na cheti, na cheti cha marehemu hakikulindi wewe.