Penseli zinang'aa, rangi haishiki

SWALI: Shikamoo shangazi. Natumia penseli za rangi kwenye kitabu cha kupaka rangi cha watu wazima, ukurasa wa mlango wa nakshi una maua madogo kibao, sasa ua moja linang'aa kama nta na rangi ya pili haikamati kabisa. Nifanyeje? – Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Unakandamiza mno! Penseli nyingi zina nta, ukibonyeza toka mwanzo karatasi inajaa, rangi nyingine haina pa kukaa. Chonga ncha kali, shika penseli nyuma kidogo mkono ulegee, zungusha viduara vidogo, tabaka jepesi juu ya jepesi hata manne matano, kukoleza ni mwisho. Na joto letu hili viganja vinatoka jasho, weka karatasi safi chini ya mkono. Lile ua, gusisha seloteipu kidogo tu ubandue polepole, nta kiasi itatoka.