Wosia wa wanaomaliza shule

Umeuliza kwa nini kijana wa miaka 18, mzima wa afya, anaandika wosia kwenye kitabu cha mwaka, yaani kitabu cha picha na kumbukumbu za wanafunzi, cha shule yake ya sekondari huko Marekani. Ondoa wasiwasi, hajafa mtu! Ni utani wa kuaga. Wanaomaliza darasa la 12 wanaiga lugha nzito ya wanasheria, "mimi fulani, nikiwa na akili timamu", halafu wanachorithisha ni kituko: kabati lenye mlango usiofunga, nafasi ya kuegesha gari karibu na lango, au kipaji cha kulala darasani macho wazi.

Si jambo la juzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 darasa zima lilikuwa na wosia mmoja, ukisomwa siku ya kuagana pamoja na utabiri wa nani atakuja kuwa nani. Baadaye kila mtu akawa anaandika wake.

Mimi napenda zaidi ile ya kurithisha sifa. Mchelewaji sugu anamwachia mdogo wake visingizio vyake vyote, na mfupi wa timu ya kikapu anaacha sentimita ambazo hakuwahi kuwa nazo.

Ila wapo wanaoficha matusi na siri za watu humo, mafumbo ambayo mwalimu mhariri hayang'amui mpaka kitabu kimeshachapwa. Ndiyo maana shule kadhaa zimeufuta wosia huu kabisa. Kwa hiyo ukiandika wako, mtanie yule utakayemwonyesha kwanza akacheka.