Hereni za udongo wa polima kukatika: angalia oveni kabla ya kulaumu udongo

Dada wa Tabata, pole na hongera kwa kuthubutu. Umesema udongo wa polima unalegea mkononi hata hujamaliza kukata, wateja wamekurudishia hereni zilizokatika katikati, na pini za nyuma zinabanduka. Waliotangulia kujibu wamekushauri ubadilishe udongo au uongeze vanishi. Mimi nafanya kazi hizi nyumbani Sinza, na kwa maelezo yako naona shida kubwa iko kwenye oveni. Kitu ambacho hakijaiva hata ukikipaka vanishi mara tano kitakatika tu.

Huu tunauita udongo, ila ni plastiki ya PVC iliyosagwa laini na kuchanganywa na kilainishi. Ndiyo maana haukauki kwa hewa wala kwa jua. Chembe zake hushikana pale tu zinapopata joto sahihi kwa muda wa kutosha. Joto likiwa pungufu, hereni inatoka ngumu kwa nje na unaweza kuiuza vizuri kabisa, kumbe ndani chembe zimesogeleana tu. Chukua ile iliyorudishwa, tazama palipokatikia. Ukiona ungaunga, na ukikwaruza kwa kucha unatoka, basi haikuiva.

Soma pakiti ya udongo wako. Kwa mfano, wa chapa ya Premo wanaandika 130°C, dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Wa chapa ya Fimo wanaandika 110°C, dakika 30. Usichukue namba za mtu wa YouTube anayetumia aina nyingine. Halafu usiamini kitufe cha oveni. Hizi oveni ndogo za mezani tunazonunua mjini, ukiweka 130 ndani panaweza kuwa 100, na nyingine inaruka hadi 160 kila waya unapowaka. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni; waulize wanaouza vifaa vya keki. Kabla hujanunua rangi nyingine hata moja, nunua hicho.

Ninavyooka mimi: naweka kipande cha taili kwenye rafu ya katikati ya oveni, kipimajoto juu yake, nawasha oveni tupu na kusubiri hadi mshale utulie. Hapo ndipo naingiza hereni, zikiwa juu ya karatasi nyeupe ili mgongo usitoke na mng'ao wa taili, na nazifunika kwa treya ya foili iliyopinduliwa. Taili inatunza joto lisiyumbe, treya inakinga zile waya za juu zisiunguze rangi nyeupe, ambayo ndiyo huwahi kugeuka kahawia. Muda naanza kuhesabu mshale ukisharudi kwenye joto lake, na huwa naongeza dakika kumi au kumi na tano. Kuzidisha muda kwenye joto sahihi hakuna madhara. Kuzidisha joto ndiko kunakoharibu. PVC ikiungua inatoa moshi wenye tindikali unaochoma macho na koo, kwa hiyo ukiuona, zima, fungua madirisha, toka nje. Jiko la mkaa na maikrowevu sahau.

Umeme ukikatika katikati, usihangaike. Acha oveni ifungwe, zipoe humo humo, ukirudi oka upya kwa muda kamili. Udongo huu unakubali kuokwa tena na tena. Na usipime ugumu zikiwa za moto, maana hapo zinakuwa laini na zinachanika. Kwenye kila mzigo oka pia ukanda mwembamba wa udongo uleule, ukipoa upinde. Ukijikunja bila kukatika, mzigo umeiva.

Sasa kuhusu kulegea. Hapo ni joto la Dar tu, hasa Januari hadi Machi. Fanya kazi alfajiri, au weka taili kwenye friji na ukatie juu yake, ila futa umande kwanza. Udongo uliolegea kupita kiasi utandaze kati ya karatasi mbili za A4, weka kitabu kizito juu, uache usiku kucha. Asubuhi karatasi zitakuwa na madoa ya mafuta: hicho ni kilainishi kilichozidi kimenyonywa. Usiupitilize, ukikauka sana unapasuka. Usiuhifadhi karibu na bati wala ndani ya gari, utaanza kuiva wenyewe. Na usiuache juu ya meza iliyopigwa vanishi, unaila. Nimeshaona kopo la plastiki ngumu ng'avu likinata kwa sababu hiyo hiyo; tumia lenye alama ya 5 ndani ya pembetatu chini.

Baridi inasaidia sana ukitaka michoro. Nina gogo la udongo ninalolitengeneza kwa rangi za kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nalikata vipande vyembamba kama anayekata soseji. Likikatwa na joto la mchana, nyeupe inaburutwa na nyeusi na mchoro wote unachafuka. Likikaa friji kidogo, halafu ukatumia wembe mpya na kulizungusha kidogo kila unapokata, mistari inatoka safi.

Pini zisitegemee gundi ya fasta peke yake. Oka hereni kwanza, kwaruza mgongo kwa msasa, futa kwa spiriti, weka kisahani cha pini, kisha kifunike na kipande chembamba cha udongo mbichi kilichopakwa chini yake udongo wa polima wa majimaji (liquid clay). Oka tena. Kisahani kinakuwa kimezikwa, hakina pa kutokea. Chagua pini za chuma cha pua, za bei ya kutupa zinaweza kuachia nikeli na masikio ya baadhi ya watu yakavimba.

Hiyo vanishi uliyoshauriwa, kama ni rangi ya kucha, achana nayo kabisa: inaulainisha udongo na hereni inabaki kunata miezi. Msasa wa maji, namba 400 kupanda hadi 1000, kisha kitambaa cha jinzi, unang'aa wenyewe. Ukitaka vanishi, tafuta ya maji.

Kuhusu bei sitakupangia, soko la Mwenge na la Slipway hayafanani. Ila pima. Pakiti ya gramu 57 kwa jozi ya gramu 10 inakupa jozi tano na vipande vya kubaki, kisha ongeza pini, luku na muda wako wa kupiga msasa, ambao wengi wanausahau.

Ukipata kipimajoto, andika hapa kinasoma ngapi kitufe kikiwa 130, na aina ya udongo wako. Weka na picha ya palipokatikia, ya karibu.