Tsavo kwa gari la stima: anza na soketi

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia. Ana Nissan Leaf, anataka kuipeleka familia Tsavo East Desemba, na kila anayemwuliza anamwambia atalala njiani. Ndugu yangu, hutalala njiani. Mimi nimetoka huko juzi na gari kama lako, la betri ya uniti 40 za stima (kWh 40), na limerudi Mombasa kwa magurudumu yake, si kwa kuvutwa kama shemeji alivyonitabiria mbele ya wakwe zangu. "Gari hilo mwisho wake Nyali," alisema, na watu wakacheka. Maneno yale bado yaniuma.

Mombasa hadi Voi, mji ulio mlangoni mwa mbuga, ni kama kilomita 150. Leaf ya uniti 40 ikiwa mpya huhesabiwa kilomita 240 hivi, ila zetu ni mitumba ya Japani na betri zimeshatumika. Tena Voi iko karibu mita 580 juu ya usawa wa bahari, na kupanda huko peke yake hula kama uniti 3. Basi kuanzia Mazeras shika kilomita 80 kwa saa, malori na mabasi yapite. Kurudi ni mteremko, na kila ukiinua mguu gari lajichaji.

Mbugani hakuna shida. Mwendo wa juu ni 40 kwa saa, na hapo betri hushuka taratibu mno. Kutoka lango la Voi hadi bwawa la Aruba ni kama kilomita 30. Tulisimama kando ya tembo, wamejaa vumbi lile jekundu la Tsavo, na kwa kuwa gari halingurumi tuliwasikia wakipumua. Mke wangu alinishika mkono. Wallahi, shemeji angekuwepo!

Kazi iko kwenye malazi. Piga simu kabla hujalipa, na usiulize tu kama stima ipo. Kambi moja iliniambia "ipo, karibu", kufika nikakuta jenereta inayozimwa usiku, na pesa zangu hawakurudisha. Mpaka leo nina uchungu nao. Uliza: ni stima ya laini au jenereta? Soketi iko karibu na maegesho? Ina waya wa ardhi? Bila huo, chaja nyingi hukataa kuwaka.

Tuligeuza mpaka gesti moja mjini Voi. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alipitisha waya dirishani mwa jikoni. Nikaukunjua wote, maana waya ulioachwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake huweza kushika moto, kisha baada ya nusu saa nikagusa plagi. Ilikuwa vuguvugu tu. Soketi ya kawaida ya ampea 10, kwa saa 12 za usiku, hukupa kama uniti 25, na hizo kwa mteremko wa kurudi zatosha.

Enyi wenzangu wenye magari haya, msikubali kufungiwa kisiwani na watu ambao hawajawahi kuyaendesha. Mbuga hii ipo tangu 1948, ni yetu, na wengi wetu Pwani tunaiona kwa dirisha la basi la Nairobi. Piga simu, pata soketi, nenda.

Kiingilio lipa mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, kabla hujaondoka, na kumbuka malango hufungwa saa 12 jioni. Desemba gesti za Voi hujaa, kwa hivyo ndugu yangu wa Kisauni, piga simu wiki hii.