Ng'ombe anapandishwa kwa mrija lakini hashiki mimba: usimuuze bado

Mkuu uliyeandika kutoka Mbalizi, nimesoma swali lako. Chotara wa Friesian, ameshazaa mara moja, amepandishwa kwa mrija (mbegu ya dume iliyogandishwa, bila dume mwenyewe) mara tatu, na kila zikipita wiki tatu anarudi kwenye joto, yaani anataka dume tena. Mtu wa bucha keshataja bei. Chini kabisa ukauliza mbona na kondoo wako nao hawazai. Nakuomba mtu wa bucha asubiri kidogo. Nafuga huku Rungwe, na ng'ombe wa aina hiyo niliowaona, wengi walikuja kuzaa.

Kurudi kwake kila wiki tatu ni habari nzuri kuliko unavyodhani. Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21, ukicheza kati ya 18 na 24, kwa hiyo mayai ya ng'ombe wako yanakomaa kama kawaida. Angekuwa haonyeshi joto kabisa, au anarudi leo baada ya siku 30, kesho 45, ningekuandikia mengine. Anayerudi kwa mpangilio, mimi kwanza nauliza saa aliyopandishwa.

Joto la ng'ombe halizidi sana saa 12 hadi 18, na yai linatoka baada ya joto kwisha, saa 10 au 12 mbele. Ndiyo maana tunaambiwa: ukimkuta asubuhi, apandishwe jioni ileile, ukimkuta jioni, apandishwe kesho asubuhi. Wewe umeandika ulimpigia simu mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija, asubuhi, akafika kesho yake mchana. Hapo yai limeshatoka na limeshazeeka. Hata mbegu ya dume bora namna gani haiwezi kukusaidia.

Tatizo letu sisi tunaofuga ndani ni kwamba ng'ombe yuko peke yake. Alama ya uhakika ni kusimama atulie akipandwa na mwenzake, sasa atapandwa na nani? Na mara nyingi wanapandana usiku na alfajiri, wewe umelala. Kwa hiyo toka na tochi kabla ya kukamua, uangalie nyuma yake. Ute wa joto hauna rangi, unang'aa, unaning'inia bila kukatika kama ute wa yai bichi, na mara nyingi unaukuta umegandia mkiani au sakafuni alipolala. Maziwa yanapungua ghafla, analia, hatulii, hamalizi majani. Kama jirani ana ng'ombe mwenye afya, watoeni wote asubuhi na jioni kwenye udongo mkavu. Kwenye sakafu ya sementi inayoteleza hawapandani hata joto likiwa kali.

Jambo moja wengi hawalijui. Ukiona damu kidogo mkiani, usimpigie mtu simu. Damu hiyo hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto, maana yake umeshachelewa. Iandike ukutani, uhesabu siku 18 mbele, uanze kukesha naye kuanzia hapo.

Kisha mwangalie na huyo mhimilishaji anayekuja. Mbegu inakaa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikitoka mtungini inayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, chini ya dakika moja, na inatakiwa iingie kwa ng'ombe muda mfupi baada ya hapo. Aliwahi kuja mmoja hapa kwangu akatoa mrija, akaupikicha viganjani, kisha akaanza kuuliza bei ya ndama wangu huku ameushika juani. Nilimlipa nauli nikamwambia arudi alikotoka. Mhimilishaji wa kweli ana chupa ya chai yenye maji ya moto na kipimajoto, na anaweza kukuambia mbegu ni ya dume gani. Huko Usa River, Arusha, kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, kila mrija huandikwa. Omba uusome, uuhifadhi. Utakusaidia pia usije ukampandisha binti kwa baba yake.

Sasa chakula. Hujasema anakula nini, ila umesema anatoa maziwa mengi na amekonda. Akishazaa, maziwa yanapanda haraka kuliko hamu yake ya kula, kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo anakamuliwa mafuta ya mwili wake mwenyewe. Mwili ukiona hivyo, uzazi unawekwa pembeni: yai linakuwa dhaifu, au mimba inaingia na kupotea kabla hujajua. Simama nyuma yake kwa ubavu. Mbavu mbili tatu za mwisho zikionekana kidogo si shida. Ukiziona zote, na mifupa ya nyonga imechongoka, mrija wa nne utakuwa hasara. Mpe kwanza pumba na mashudu ya alizeti kwa kadiri ya maziwa, na majani yasiwe mabua makavu ya mahindi pekee. Huku kwetu mvua ikikolea, majani ya tembo yanajaa maji. Ng'ombe anashiba na bado ana njaa. Yakate yanyauke kidogo ndipo umpe.

Usiharakishe pia kwa sababu ya hesabu ya ndama kila mwaka. Mimba ni siku 283 hivi, kwa hiyo kwa hesabu hiyo unabaki na siku 80 tu tangu azae, na karibu nusu yake kizazi bado kinajisafisha. Kwa aliyekonda, mimi hungoja.

Jiwe la chumvi lenye madini liwepo muda wote. Nyanda zetu hizi za juu zilijulikana tangu zamani kwa watu wenye uvimbe wa tezi shingoni, kwa kukosa madini joto. Mifugo nayo inakula majani ya udongo huohuo. Kondoo wakikosa madini hayo huzaa vitoto vilivyokufa au dhaifu.

Afisa mifugo ampime kwa mkono kabla ya kumpandisha tena. Uliandika kondo la nyuma lilichelewa kutoka alipozaa. Hapo mimi nasimama. Kondo likikaa zaidi ya nusu siku, kizazi kinaweza kubaki na usaha mwezi mzima. Ukiona ute mzito wenye rangi ya maziwa, au unanuka, ndiyo huo, na unatibika. Wapo wanaofunga jiwe kwenye kondo ili livutwe: wakome. Na kama amewahi kutupa mimba ikiwa kubwa, apimwe ugonjwa wa kutupa mimba, ambao unamwingia hata binadamu. Usishike kilichotoka kwa mkono mtupu, na maziwa yachemshwe. Akikutwa nao, hapo hakuna kumbakiza.

Kondoo ni rahisi zaidi. Mzunguko wao ni siku 17, mimba miezi mitano, na jike haonyeshi joto kama hakuna dume. Je, dume wako yupo, au ni mtoto wa hao hao majike? Kama ni mtoto wao, mbadilishe. Kama aliugua homa hivi karibuni, mpe miezi miwili, kwa sababu mbegu mpya huchukua karibu wiki saba kukomaa. Na kama umenunua dume wa kigeni mwenye mkia mwembamba, mkague: mkia mnene wa majike wetu huwa unamshinda, anapanda na kushuka bila kitu. Watenge majike na dume kwa mwezi mmoja, wasimwone wala kumsikia, waongezee pumba wiki mbili za mwisho, kisha mwingize. Wengi wataitikia.

Ukirudi humu, niandikie tarehe aliyozaa, chakula chake cha siku, na ule ute ulikuwa na rangi gani mara ya mwisho.